UZI: Mzazi anayerundika makorokoro. Nyumba, watoto waliomo ndani, na namna ya kupunguza bila vita (Moshi/Arusha)

#1 Kihamba_Chini

Wakuu, salaam. Desemba haiko mbali. Magari ya Dar yataanza kupandisha, na kuna watu wanaiwaza nyumba waliyokulia wakakosa usingizi. Kisa si michango ya ukoo, ni sebule isiyokalika.

Mpango huwa ule ule kila mwaka. Mama anapelekwa kanisani, kirikuu, kale kagari ka mizigo, inaingia kwa mlango wa nyuma, vitu vinatupwa. Mama anarudi, anakataa kula. Tarehe 2 Januari watoto wanashuka Dar, na Pasaka ikifika nyumba imejaa kuliko ilivyokuwa. Uzi huu ni wa kuachana na mpango huo. Mwenye ujuzi wa sehemu yake aongezee, ila tusigeuze uzi kuwa mahali pa kusimuliana maisha. Tuandike mambo ya kufanya.

Kwanza tukubaliane tunaongelea nini. Nyumba ya kawaida ya Kibosho au Tengeru ina stoo yenye magunia, madumu, bati zilizobaki kwenye ujenzi. Hiyo haina shida, kwa sababu vitu vyake vinazunguka: mahindi yanaingia yanatoka, bati inaenda kwenye banda la kuku. Hapa tunamwongelea mtu asiyeweza kuachana na kitu hata kikiwa hakina thamani, anayeumia kweli kikiondolewa, na vyumba vimefika mahali havifanyi tena kazi yake. Jiko halipikiki. Nusu ya kitanda ni ya kulala, nusu ni ya nguo. Mlango unafunguka robo.

Madaktari wa Marekani wameutambua kama ugonjwa unaojitegemea tangu 2013. Shirika la Afya Duniani nalo limeuweka kwenye toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika 2022. Wataalamu wana kipimo cha picha 9 kwa kila chumba: ya kwanza chumba kiko safi, ya tisa mrundiko umekaribia dari. Unachagua picha inayofanana na chumba chako. Kuanzia ya 4 msaada unahitajika. Usipozipata hizo picha, pita chumba kwa chumba ukiuliza jambo moja: je, kazi ya chumba hiki inafanyika humu leo?

Halafu kuna maneno mawili yanayosemwa kila familia. La kwanza, "alianza baba alipofariki." Mara nyingi si kweli. Dalili huanza kuonekana kwenye miaka 11 hadi 15, zinakomaa polepole, na zinazidi kadiri umri unavyokwenda. Msiba huongeza kasi tu, na mara nyingi marehemu ndiye alikuwa anapunguza kimya kimya. La pili, "ni ukata wa miaka ya themanini, foleni za sukari na sabuni pale RTC, yale maduka ya serikali." Foleni zile walipanga wote. Watafiti walipoangalia hawakukuta uhusiano ulio wazi na umaskini wa utotoni. Walichokuta ni kwamba karibu nusu ya wenye tatizo hili wana ndugu wa damu mwenye tabia hiyo hiyo.

Tahadhari moja kubwa: mtu aliyekuwa nadhifu maisha yake yote, akaanza ghafla kuokota na kurundika baada ya miaka 60, huyo msimpangie ratiba ya usafi. Apelekwe hospitali kwanza. Ugonjwa wa kusahau au kiharusi kidogo kisichogundulika vinaweza kuanza hivyo.

---

#2 Nesi_wa_Zamu

Ahsante mkuu kwa uzi. Nianze na watoto ambao bado wanaishi humo ndani. Ndugu wote hugombana kuhusu mama na vitu vyake, na mtoto wa darasa la tano anayelala juu ya viroba vya nguo hayumo kwenye kikao.

Huku kwetu mtu anabisha hodi bila kupiga simu. Mtoto wa nyumba hii akisikia hodi anawahi kutoka nje, anafunga mlango nyuma yake, anamsalimia mgeni uwanjani. Mwalimu atamwona hakaribishi wenzake kusoma kwake, sare inanuka ukungu hata kama imefuliwa, na madaftari yanapotea kila wiki. Hayajaibiwa, yamezikwa. Akiadhibiwa shuleni kwa kupoteza daftari anaadhibiwa kwa ugonjwa wa mzazi wake.

Mtoto anahitaji vitu vichache na vinapatikana hata kama nyumba iliyobaki haijaguswa:

Kitanda chake chote, si nusu, chenye chandarua kinachoshuka mpaka chini. Njia kutoka kitandani hadi mlango wa nje anayoweza kuipita gizani. Meza ya sentimita 60 kwa 60, au hata ubao ulioshikizwa ukutani kwa bawaba, unaokunjwa akimaliza kusoma. Huo wa kukunja ni mzuri kuliko meza kwa sababu hauwekewi kitu juu. Misumari miwili ya sare, kimo cha kichwa chake.

Na tranka. Lile la chuma la shule ya bweni, lenye kufuli, ufunguo ukae kwa mtoto. Vitabu, vyeti, kadi ya kliniki, vitu vyake vyote vya thamani vikae humo. Mzazi aambiwe mbele ya mtu mzima anayemheshimu kwamba ndani ya tranka haingii kitu cha mtu mwingine na juu yake hakiwekwi kitu. Wazazi wengi hulikubali hili kwa sababu halimwondolei yeye kitu.

Mtoto aelezwe kwa maneno mepesi: mama ana ugonjwa wa kushindwa kuachana na vitu, hukuusababisha wewe, na si kazi yako kuusafisha. Msimfanye mpelelezi wa kuwapigia simu Dar kila mama akileta kiroba. Na msimtume kutupa vitu usiku, kwa sababu siku mama akigundua, anayebaki naye nyumbani ni huyo mtoto.

Kuna mstari ambao ukivukwa hili si la familia tena: mtoto hana pa kulala, moto unapikwa katikati ya makaratasi, chakula kinaoza ndani, choo hakifikiki, au ana pumu na anakohoa kila usiku. Hapo nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au piga 116, simu ya msaada kwa mtoto, ni bure. Sheria ya Mtoto ya 2009 inawapa nafasi ya kuingilia. Wakija mapema huja kusaidia. Mkisubiri mpaka aungue, lugha inabadilika.

---

#3 Mangi_Mdogo

Nimekaa siti ya mbele. Ila swali la kizembe: kwa nini tusimchukue mama aje Dar wiki mbili, tuite vijana wanne, tumalize? Akirudi atalia siku tatu atazoea.

---

#4 Kihamba_Chini

Mangi, hilo ndilo swali la wote, tusilionee aibu.

Haishiki, na sababu zinajulikana. Ugonjwa haumo kwenye vitu, umo kwenye kuamua. Vijana wanne wameamua wao, mama hajaamua hata kitu kimoja, kwa hiyo uwezo wake uko pale pale. Kingine, mlango wa kuingizia haujafungwa. Wengi wa wenye hali hii hawashindwi kutupa tu, wanaleta pia. Nafasi tupu inawatia hofu, wanaijaza haraka. Cha tatu ndicho kibaya zaidi: ataanza kuficha. Mrundiko uliokuwa sebuleni mkiuona utahamia darini, kwa jirani, kwenye banda la ng'ombe, na hamtapewa tena ufunguo. Wazee wengine huanguka kabisa baada ya tukio kama hilo, hawali, hawatoki nje.

Kuondoa kwa nguvu kuna nafasi yake: nyumba ina hatari ya moto, dari inashuka, au bwana afya ametoa amri. Hata hapo ondoeni kilicho hatari tu, mwambieni mnachoondoa, na mumwachie kitu cha kuamua yeye.

---

#5 Fundi_Dari

Mmegusa dari, niingie hapo.

Silingi bodi ya nyumba nyingi za Pasua, Majengo, Ngarenaro imepigiliwa kwenye vipande vya mbao 2x2. Imetengenezwa kujibeba yenyewe, haikutengenezwa kuwa stoo. Sasa piga hesabu. Rimu moja ya karatasi A4 ina kilo 2.5. Boksi la rimu tano ni kilo 12.5. Maboksi ishirini ya madaftari ya zamani ni kilo 250, juu ya kichwa cha mtu aliyelala. Hiyo ni karatasi kavu. Bati likivuja masika, kuanzia Machi hadi Mei, karatasi inakunywa maji na uzito unapanda.

Dalili: ubao umebonyea katikati ya chumba, vichwa vya misumari vimetokeza, vumbi jipya linadondoka sehemu moja, doa la kahawia lenye ukingo. Ukiona hayo, hamisha kitanda cha chini kabla ya kuhamisha boksi la juu.

Namna ya kushusha: usipande kukaa juu. Simama kwenye ngazi penye mlango wa dari, anza na vilivyo karibu, vuta kwa kamba au ndoano ya mti, shusha kimoja kimoja. Ikilazimu kuingia, kanyaga kenchi peke yake, weka ubao mpana juu ya kenchi mbili, mtu mmoja tu. Asubuhi, kwa sababu mchana joto la chini ya bati linaangusha mtu.

Mrundiko wa chini nao una sheria zake. Hakuna rundo linalopita bega. Ukilikuta limepita, punguza kutoka juu, usivute kitu cha katikati. New York 1947 ndugu wawili walifia ndani ya nyumba yao ya Harlem. Mmoja alifunikwa na marundo aliyoyatega mwenyewe, na yule mwingine, kipofu aliyepooza, alikuwa anamtegemea huyo kwa chakula, akafa njaa. Watu waliotoa vitu walitoa zaidi ya tani 100.

Umeme: kabla ya lolote tafuta meni swichi, njia ya kuifikia iwe wazi siku zote. Zima saketi ya chumba unachofanyia kazi, tumia taa ya kichwani. Ekstensheni iliyolala chini ya nguo kwa miaka huwa imeiva, plastiki inavunjika ukiikunja. Usiichomeke tena, ikate kabisa ili asiirudishe. Mtungi wa gesi usimame wima, mahali penye hewa, mita moja pande zote bila karatasi wala kitambaa. Jiko la mkaa halihamii ndani kwa sababu "jikoni hakuna nafasi", hewa yake inaua watu wakiwa usingizini. Namba ya zimamoto 114, iandikeni ukutani.

---

#6 Dada_Njiro

Fundi umenena. Naongeza vipimo vya lengo la kwanza, kwa sababu wengi wanaanza na stoo na stoo ndiyo inatakiwa iwe ya mwisho.

Lengo la kwanza ni usalama, si usafi: njia yenye upana wa sentimita 90 kutoka kila kitanda hadi mlango, mlango unaofunguka wote, jiko, choo. Yakipatikana hayo manne, hata kama nyumba bado inatisha, pigeni kituo. Mama ataona hamkuja kumfilisi, mzunguko wa pili utakuwa mwepesi.

---

#7 Bwana_Afya_Mstaafu

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Nasema kuhusu panya na sumu, maana hapa watu wanaumia.

Usianze kuhamisha marundo kabla ya kushughulikia panya. Ukivuruga maskani yao wanahamia kwa jirani, na jirani ndiye atakayekuletea mwenyekiti wa mtaa. Mitego iwekwe kando ya ukuta, upande wa chambo ukiangalia ukuta, kwa sababu panya hutembea akigusa ukuta. Chambo dagaa au siagi ya karanga. Siku mbili tatu za kwanza weka chambo bila kutega. Panya huogopa kitu kipya, akishazoea kula ndipo utege. Sumu ya panya siipendi kwenye nyumba ya namna hii: panya anafia katikati ya rundo usilolifikia, ananuka mwezi mzima, na viroboto wake wanahama kumtafuta mwenye damu ya joto, ambaye ni ninyi.

Siku ya kazi fungua madirisha na milango, toka nje nusu saa, ndipo uingie. Gambuti, glavu nene za mpira, mikono mirefu, barakoa aina ya N95. Ile ya bluu ya hospitali haizuii vumbi hili. Kinyesi cha panya hakifagiliwi kikavu. Changanya Jik sehemu 1 na maji sehemu 9, nyunyiza hadi kilowe, ngoja dakika 5 au zaidi, kisha kiokote kwa karatasi. Mchanganyiko wa jana hauna nguvu, changanya mpya kila siku. Mkojo wa panya ndio unaobeba homa ya mgunda, ile iliyosumbua Lindi 2022, na inaingia kwa kidonda kidogo cha mguuni.

Angalizo: penye mkojo mwingi wa paka au panya osha kwanza kwa sabuni na maji. Jik ikikutana na amonia ya mkojo inatoa hewa inayochoma mapafu. Vivyo hivyo usichanganye Jik na dawa ya choo yenye asidi.

Sasa sumu za shambani. Nyumba za vihamba vya kahawa, yaani mashamba yetu ya ukoo, zina dawa za zamani chini ya kitanda na juu ya kabati: mrututu, DDT, Thiodan, makopo yasiyo na lebo. Usichome moto. Usimwage kwenye mfereji, maji yale wa chini anayanywa na ng'ombe wake. Usifukie kihambani. Yaache kwenye chombo chake, weka ndani ya ndoo yenye mfuniko, jaza majivu au mchanga pembeni lisimame wima, toa nje ya nyumba, fungia mbali na watoto. Muulizeni bwana shamba wa kata utaratibu wa kuyakabidhi. Mamlaka ya viuatilifu ya nchi makao yake yapo hapa hapa Arusha, Ngaramtoni, hamna sababu ya kubahatisha. Mkikuta kopo la vidonge vya kuhifadhia mahindi msilifungue ndani ya nyumba na lisiguswe na maji. Vikipata unyevu vinatoa hewa ya kuua.

---

#8 Kirikuu_Nyeupe

Wazee wa mzigo tupo.

Mzigo uliopakiwa uondoke siku hiyo hiyo. Ukilala uwanjani, asubuhi utakuta umepungua, na hakuingia mwizi. Ikibidi ulale, ulale kwangu.

Pakieni kwenye viroba vya kilo 50 lakini msijaze, nusu inatosha. Karatasi kiroba kizima hakibebeki na kinapasuka mgongoni mwa kijana. Vyupa peke yake, vioo vilivyovunjika kwenye ndoo ya plastiki, si kirobani.

Cha kuuza mtenganishe kabla ya mnunuzi wa skrepa kufika. Chuma huku, sufuria za aluminiamu huku, shaba huku. Akikuta vimechanganyika atapima vyote kwa bei ya chuma. Waya za shaba msichome kutoa plastiki, moshi wake mbaya na majirani watapiga simu, zimenywe kwa kisu. Maboksi yana mnunuzi wake yakiwa makavu. Mizani ikija mama asikae karibu nayo, kila kilo itakuwa vita. Ila pesa apewe yeye mkononi siku hiyo hiyo, yote.

Turubai juu ya mzigo ni lazima. Moshi mjini karatasi moja ikipeperuka barabarani utaulizwa. Dampo la Moshi ni Kaloleni, la Arusha ni Muriet. Mtakuta na rambo (mifuko ya plastiki) za zamani maelfu zimekunjwa vizuri ndani ya rambo nyingine. Zimepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, msizigawe sokoni "zisipotee", ziende na taka.

Na dereva asipitie Kiboriloni, kwenye soko la mitumba, wakati mama yupo kiti cha mbele. Mnapeleka viroba vinane vya nguo, mnarudi na tisa.

---

#9 Mama_Vyeti

Hahaha huyo dereva anajua kazi.

Jamani kabla karatasi haijatoka nje, ikaguliwe. Nyumba hizi zina hati za kweli katikati ya risiti za 1994. Tafuteni: hati ya kiwanja au mkataba wa mauziano wa kihamba wenye saini za mashahidi, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, cheti cha kifo cha baba na barua za mirathi, kadi za NSSF na za ile mifuko iliyounganishwa kuwa PSSSF 2018, vyeti vya shule vya watoto, pasibuku, kadi za magari, kadi za hisa za chama cha ushirika cha kahawa. Mkataba wa kihamba ukipotea, ugomvi wake mtawaachia wajukuu.

Utaratibu: mtu mmoja tu wa karatasi, siku zote huyo huyo. Kila kitabu kinashikwa kwa jalada na kutikiswa. Bahasha zote zinafunguliwa. Mifuko ya makoti, ndani ya Biblia na vitabu vya nyimbo, makopo ya maziwa ya unga, chini ya karatasi ya droo, kona ya godoro iliyoshonwa upya, humo ndimo pesa inakaa. Hati zikipatikana zinaingia kwenye faili moja la plastiki siku hiyo hiyo, zinapigwa picha kwa simu, nakala kwa watoto wawili tofauti. Faili linabaki kwa mama, ni mali yake.

Kuhusu noti za zamani mtakazokuta: toleo la 1985 hadi 2003, pamoja na ile noti ya 500 ya 2010, Benki Kuu ilizikusanya kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Muda umepita, si pesa tena. Msimtangazie mama mbele ya watu.

---

#10 Mangi_Mdogo

Nimeelewa, namba tatu yangu naifuta kichwani. Sasa tukiwa na mama mwenyewe pale, tunaanzaje? Nikishika kopo tu ananiambia weka chini.

---

#11 Kihamba_Chini

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, nitaandika kirefu kidogo.

Nani akae naye? Mara nyingi asiwe mtoto anayeishi humo, ana hasira za miaka. Wala asiwe yule wa Dar mwenye haraka. Tafuta mtu mmoja mtulivu: dada yake, shoga yake wa rika moja, au mkwe anayemheshimu. Mmoja, sio sita. Ndugu sita sebuleni ni baraza la hukumu.

Lengo alitaje yeye. Muulize angependa nini kiwezekane tena. Kwa wengi jibu ni jumuiya. Sala za jumuiya zinazunguka nyumba kwa nyumba, na yeye zamu yake huwa anaugua au anaomba zifanyike uwanjani. Kama lengo ni wanajumuiya kumi na tano waketi sebuleni, basi mna kipimo: viti kumi na tano. Kila mkikwama mnarudi kwenye viti.

Muda ni saa moja na nusu, isizidi mbili, asubuhi baada ya chai. Kuamua kunachosha kuliko kubeba. Akichoka anaanza kukataa kila kitu na mtadhani amekuwa mkaidi.

Eneo ni mita moja ya mraba, mwanzo uwe karibu na mlango wa sebule ambapo mabadiliko yanaonekana. Yeye akae kwenye kiti, meza ndogo mbele yake ikiwa tupu. Wewe unamletea kitu kimoja kimoja. Hugusi kitu kwenda kukitupa bila yeye kusema, hata ganda la biskuti. Mwanzoni hili litakuudhi sana. Vumilia, ndilo linalofungua mlango.

Mafungu manne: kinabaki na kinajulikana kinakaa wapi, kinakwenda kwa mtu fulani mwenye jina, kinauzwa, kinatupwa. "Nitampa mtu" si fungu, ni njia ya kurudisha kitu kwenye rundo. Apatikane mtu mwenye jina na siku ya kupelekewa. Kisichoamulika ndani ya kama dakika moja kiende kwenye boksi la labda, moja tu, liandikwe tarehe. Likijaa, kikiingia kimoja kinatoka kimoja.

Anza na vitu vyepesi moyoni: magazeti, makopo, vifuniko visivyo na vyombo, madumu yaliyopasuka. Nguo za marehemu na madaftari ya watoto ni za mwisho kabisa. Familia nyingi zinaharibu hapa, wanaanza na koti la baba kwa sababu liko juu.

Maneno nayo. "Hii takataka ya nini?" imefunga siku. Sema: "Mama, hiki tukiweke wapi?" "Vipo vingapi vya namna hii, na vingapi vinatosha?" "Kikihitajika tena kitapatikana kwa shilingi ngapi?" Kisha nyamaza. Kimya chake ndicho kazi, usikijaze kwa mahubiri. Akisema kibaki, kinabaki bila kuguna. Kwenye vitu kumi vya kwanza vinaweza kubaki tisa. Sawa. Kesho yake uwiano unaanza kubadilika.

Na mlango wa kuingizia. Andikeni vitu vinatoka wapi: mnada wa mitumba, misiba na harusi (vikombe, mabakuli, maboksi), majirani wanaomtupia wakijua anapokea, barabarani. Jirani mmoja aliyeambiwa kwa heshima asilete tena ana thamani kuliko kirikuu mbili. Kwa sokoni kuna zoezi linalotumika kwenye tiba: mnakwenda naye, anatazama, anashika, hanunui, mnarudi. Mara ya kwanza roho itamwuma mpaka nyumbani, ila ule msukumo huwa unapoa wenyewe baada ya muda usipolishwa, na anahitaji kuuona ukipoa.

---

#12 Dada_Njiro

Napingana na ushauri mmoja unaozunguka mtandaoni, "mpige picha kitu kisha kitupwe". Kwa wengine unasaidia, hasa vitu vya kumbukumbu. Kwa wengine simu inajaa picha elfu nne, anataka zisafishwe zichapwe, na mna rundo jipya la albamu. Jaribu na vitu vichache uone.

Kuhusu tiba: hakuna kidonge kilichothibitishwa kwa ajili ya kurundika kwenyewe. Lakini wengi wana sonona au wasiwasi pembeni, na hivyo vinatibika, na vikitibiwa nguvu ya kuamua inapanda. Tiba yenye ushahidi ni ya mazungumzo na mazoezi. Mwongozo wa Marekani una vikao 26, vingine vinafanyikia ndani ya nyumba yenyewe. Kwa hapa anzieni hospitali ya Mawenzi au Mount Meru, au KCMC, mkaulize huduma ya afya ya akili. Nendeni na picha tatu za vyumba kwenye simu, kwa ruhusa yake, kwa sababu akivaa kitenge chake safi akakaa mbele ya daktari, atajieleza vizuri kabisa na mtarudishwa na dawa ya usingizi.

Na nyie mliokulia humo: angalieni pande zote mbili. Wapo wanaoanza kurundika wenyewe, na wapo wanaotupa kila kitu mpaka vyeti vya watoto wao, hawawezi kuona kikombe mezani bila mapigo ya moyo kwenda mbio. Mwambie mwenzi wako sababu kabla hajadhani unamgombeza kwa kikombe.

---

#13 Kirikuu_Nyeupe

Swali kwa Bwana Afya. Kila nyumba tunakuta dumu au chupa ya soda ina maji maji, hayana lebo, mwenye nyumba hakumbuki. Vijana wangu wanafungua wananusa. Ni sawa?

---

#14 Bwana_Afya_Mstaafu

Si sawa hata kidogo, wakataze leo. Kisichojulikana hakifunguliwi, hakinuswi, hakimwagwi chooni. Funga kifuniko kama kimelegea, simamisha ndani ya ndoo yenye mchanga, andika juu kwa maka peni HAIJULIKANI USIGUSE, toa nje kivulini mbali na kuku na watoto, na kisafiri peke yake, si pamoja na viroba vya nguo. Dumu lililovimba ubavuni lisisogezwe kabisa hadi aje mwenye ujuzi.

Chupa za soda ndizo zinazonitia hofu, maana mafuta ya taa humo yanafanana na maji. Mtoto akinywa, usimtapishe na usimpe maziwa. Yakipanda kooni mara ya pili yanaingia mapafuni. Mvue nguo zilizolowa, mkimbize hospitali hata kama anaonekana mzima, kikohozi huweza kuja saa kadhaa baadaye. Chupa yenyewe mwende nayo, daktari aione.